Sakramenti Mbele ya Mahakama: Andrea Pérez na Sylvester Davis

Mwaka 1947 vijana wawili wakatoliki wa mji wa Los Angeles, nchini Marekani, walikwenda kwenye ofisi ya karani wa wilaya kuomba kibali cha ndoa. Mmoja aliitwa Andrea Pérez, binti wa wazazi waliohamia kutoka Meksiko. Mwingine aliitwa Sylvester Davis, Mmarekani mweusi. Walikuwa wamefahamiana kazini, katika kiwanda cha ndege cha Lockheed, wakati wa vita kuu ya pili, siku ambazo viwanda vilikosa wafanyakazi vikaanza kuwapokea wanawake na watu weusi. Baadaye Sylvester aliitwa jeshini, na aliporudi salama urafiki wao ukawa uchumba. Wote wawili walikuwa watu wazima, wabatizwa, wasiofungwa na ndoa nyingine, wala hawakuwa na udugu wa damu. Kwa sheria za Kanisa hapakuwa na kikwazo chochote kati yao. Lakini kwenye karatasi ya maombi palikuwa na nafasi ya kuandika rangi ya mtu. Andrea aliandika kwamba yeye ni mweupe, maana sheria za nchi ile ziliwahesabu watu wa asili ya Meksiko kuwa weupe. Sylvester aliandika kwamba ni mweusi. Karani aliwarudisha bila kibali.

Sisi walei tumeichagua habari hiyo kwa ajili ya vijana wa parokia zetu kwa kuwa haijulikani sana, hata huko Marekani kwenyewe, ambako watu hutaja zaidi kesi ya Loving ya mwaka 1967. Tena, mtu aliyeishika kesi hiyo hakuwa padre wala askofu. Alikuwa mlei, na neno alilolitanguliza mbele ya mahakimu lilikuwa sakramenti ya Ndoa.

Karani yule alifuata kitabu. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Raia ya California kilisema kwamba ndoa ya mtu mweupe na mtu mweusi, au mtu wa Asia, au chotara, ni haramu na ni batili. Kifungu cha 69 kilimkataza karani kutoa kibali kwa watu wa namna hiyo. Marufuku ya kwanza ilitungwa mwaka 1850, mwaka uleule California ilipopokelewa kuwa mojawapo ya majimbo ya Muungano wa Marekani, nayo ikawa inarefushwa kila walipofika wageni wapya. Watu wa Asia ya mashariki waliongezwa chini ya jina la Wamongolia, kwanza katika sheria ya vibali mwaka 1880, kisha katika kifungu cha 60 chenyewe mwaka 1905. Mwaka 1933 Mfilipino mmoja, Salvador Roldan, alishinda kesi yake, kwa sababu mahakama iliona kwamba Wafilipino ni wa mbari ya Malai, si ya Wamongolia, na mbari hiyo haikutajwa kitabuni. Kabla mwaka huo haujaisha, bunge la jimbo lilikuwa limekwisha kuitaja. Sheria ya namna hiyo hukimbizana na watu: ikiona mlango umebaki wazi, hutafuta kufuli.

Mzizi wake ulikuwa wa zamani zaidi, nao ulikuwa katika utumwa. Mwaka 1664 koloni la Maryland, lililoanzishwa na ukoo wa kikatoliki wa Lord Baltimore, lilitunga sheria kwamba mwanamke Mwingereza aliye huru, akiolewa na mtumwa, atamtumikia bwana wa mumewe muda wote mume huyo awapo hai, na watoto wao watakuwa watumwa. Katika koloni hilo, mwaka 1681, mtumishi mmoja kutoka Ireland, jina lake Eleanor Butler, aliolewa na mtumwa aliyeitwa Charles. Padre mkatoliki ndiye aliyewafungisha. Lord Baltimore mwenyewe alimwonya Eleanor kuhusu msiba atakaojiletea yeye na uzao wake, naye hakurudi nyuma. Watoto wao walihesabiwa watumwa, na wajukuu, na vitukuu. Mwaka 1787 tu ndipo mmoja wa uzao huo, Mary Butler, aliposhinda mahakamani na kupata uhuru wake, zaidi ya miaka mia moja baada ya arusi ile.

Wala wafalme wakatoliki hawakuwa bora. Katika amri aliyoitoa mwaka 1724 kwa ajili ya koloni la Louisiana, mfalme wa Ufaransa aliwakataza raia wake weupe kuoana na watu weusi, akawakataza pia mapadre kuwafungisha. Twaitaja amri hiyo ili kijana asidhani kwamba ubaya huo ulikuwa wa Waprotestanti au wa watu wasio na dini.

Turudi kwa Andrea na Sylvester. Mtu anaweza kuuliza kwa nini hawakupanda gari-moshi. Wakati ule Marekani ilikuwa na majimbo 48. 30 kati yao yalikuwa na marufuku hiyo, mengine hayakuwa nayo. Zaidi ya hayo, California ilizitambua ndoa zilizofungwa kihalali katika majimbo mengine. Wangaliweza kusafiri, kufunga ndoa ugenini, na kurudi nyumbani wakiwa mume na mke mbele ya sheria ileile iliyowakataa. Walio wengi walifanya hivyo. Hawa wawili walitaka kufunga ndoa katika parokia yao, mbele ya watu wao, pamoja na Misa. Haja hiyo, ambayo kwa mtu wa nje huonekana ndogo, ndiyo iliyoifanya kesi yao kuwa tofauti na nyingine zote.

Andrea alikuwa amewahi kuwalea watoto wa mwanasheria mmoja aitwaye Daniel Marshall. Marshall alikuwa kiongozi wa chama cha walei wakatoliki cha Los Angeles kilichofanya kazi ya kuleta maelewano kati ya rangi mbalimbali. Vyama vya aina hiyo vilikuwa vimeanzia New York mwaka 1934, kwa bidii ya Myezuiti John LaFarge. Wakati ule hata vyama vikubwa vya kutetea haki za weusi vilisita kuzishika kesi za ndoa, maana hapakuwa na jambo lililowasha hasira za weupe upesi kuliko hilo. Walipendelea kuanza na shule, makazi na kura. Marshall hakusita. Hakupitia mahakama za chini. Alipeleka ombi lake moja kwa moja mbele ya mahakama ya juu kabisa ya California.

Hoja yake twaweza kuieleza hivi. Kanisa Katoliki halina kikwazo cha rangi katika ndoa. Andrea na Sylvester ni wakatoliki wenye haki ya kupokea sakramenti zote. Jimbo la California, kwa kumkataza karani kutoa kibali, linawazuia kupokea sakramenti mojawapo. Basi linaingilia uhuru wao wa kuishi dini yao, uhuru ambao Katiba ya Marekani inaulinda. Marshall alitoa hoja nyingine pia, juu ya usawa wa raia mbele ya sheria, lakini hiyo ya dini aliiweka mbele.

Ili kuithibitisha, aliwaomba wakubwa wa jimbo kuu la Los Angeles wamtoe askofu wa kushuhudia kwamba Kanisa halina kikwazo cha namna hiyo. Jibu lilikuwa hapana. Hawakusema kwamba Marshall amekosea mafundisho. Hawakutaka tu kujiingiza. Kwa maoni yetu kimya kile kilikuwa kosa, na twasema hivyo kwa heshima ya wana kwa wazazi. Mlei yule aliyatetea mafundisho ya Kanisa bila Kanisa la mahali pale kusimama naye.

Jambo lenyewe halikuwa jepesi. Padre LaFarge, yule aliyeanzisha vyama hivyo, alikuwa ameandika katika kitabu chake kwamba Kanisa haliweki kikwazo kwa ndoa za rangi mbalimbali. Lakini aliongeza kwamba, mahali ambapo sheria ya nchi inazikataza, Kanisa huwaagiza mapadre waiheshimu sheria hiyo na kuwashauri wachumba waache. Hakimu mmoja wa upande wa waliompinga Marshall aliyachukua maneno hayo na kuyatumia dhidi yake: kama Kanisa lenyewe laiheshimu sheria, uhuru wa dini umeguswa wapi? Ni swali kali. Marshall aliona kwamba kuvumilia sheria mbaya kwa busara ni jambo moja, na kusema kwamba sheria hiyo ni ya haki ni jambo jingine. Mwenye haki anapodai haki yake, uvumilivu wa watu wengine hauwezi kumfunga mdomo.

Ili kuona uzito wa hoja hiyo, yafaa kurudi nyuma kidogo katika historia ya Kanisa lenyewe. Katika karne ya 12, Papa Adriano wa Nne aliandika kwamba ndoa za watumwa zisizuiwe wala zisivunjwe, hata mabwana wao wakipinga. Tufikiri maana yake: mtu ambaye hakuwa na haki hata juu ya mikono yake, maana kazi ya mikono ilikuwa mali ya bwana, alihesabiwa kuwa na haki ya kusema “nakubali” mbele ya Mungu, na neno lake likasimama. Hayo yalitoka katika fundisho ambalo Kanisa la Magharibi lilikuwa linalifikia katika karne hiyohiyo: kinachofanya ndoa ni ukubali wa wale wawili. Ukubali wa baba haufanyi ndoa, wala wa ukoo, wala wa mfalme.

Karne nne baadaye fundisho hilo lilijaribiwa vikali katika Mtaguso wa Trento. Tatizo lilikuwa ndoa za siri. Vijana waliahidiana mahali pasipo na mashahidi, kisha mmoja akakana, na mwanamke akaachwa na mimba bila ushahidi. Wafaransa waliusukuma Mtaguso utamke kwamba ndoa ya kijana bila idhini ya wazazi ni batili. Mfalme wao alikuwa tayari ametoa amri, mwaka 1556, ya kuwaruhusu wazazi kumnyima urithi mwana aliyeoa bila idhini yao kabla ya kufikia miaka 30, au binti aliyeolewa kabla ya miaka 25. Mwezi wa Novemba mwaka 1563 Mtaguso ulitoa jibu lake. Ulidai kwamba tangu sasa ndoa ifungwe mbele ya paroko na mashahidi, ili pasiwe na siri. Lakini ulikataa kuifanya idhini ya wazazi kuwa sharti la ndoa kusimama, na ukawalaani wale waliosema kwamba wazazi wanaweza kuibatilisha. Tena ukawatenga na Kanisa mabwana na watawala waliowalazimisha watu walio chini yao kuoa au kuolewa kinyume cha hiari yao. Ufaransa haikuipokea amri hiyo kuwa sheria ya nchi.

Kijana makini atatupinga hapa, na atakuwa na sababu: Kanisa nalo lina vikwazo. Ni kweli. Haliwafungishi ndugu wa karibu, wala aliye bado katika kifungo cha ndoa nyingine, wala padre, wala asiyefikia umri. Mkatoliki na asiyebatizwa wanahitaji ruhusa ya askofu. Tofauti iko katika sababu. Vikwazo hivyo hutazama kama ukubali unawezekana, au kama ahadi nyingine imetangulia, au kama familia na imani vitalindwa. Hakuna hata kimoja kinachosema kwamba mtu fulani, kwa kuzaliwa kwake, ni wa aina isiyostahili kuunganishwa na aina nyingine. Kifungu cha 60 kilisema hilo, na hakikuwa na neno jingine la kusema.

Mahakama ilikuwa na mahakimu saba. Upande wa wilaya ulileta hoja ambazo leo huona haya kuzirudia: kwamba weusi ni dhaifu wa mwili na duni wa akili, na kwamba watoto wa ndoa hizo watateseka kwa kukataliwa pande zote mbili. Hakimu Roger Traynor aliwauliza swali jepesi: mtu mweusi ni nani? Sheria haikueleza. Aliye na babu mmoja mweusi kati ya wanane, je? Na mmoja kati ya kumi na sita? Thelathini na wawili? Mwanasheria wa wilaya hakuwa na jibu, na hangeweza kuwa nalo, kwa kuwa karani hana mizani ya kupimia damu; hutazama uso tu, au husoma kilichoandikwa kwenye karatasi.

Hukumu ilitoka tarehe 1 Oktoba 1948. Traynor aliandika kwamba kiini cha haki ya kuoa ni uhuru wa kuungana na mtu uliyemchagua. Serikali ilikuwa imejitetea kwamba haimnyimi mtu ndoa, maana kila mmoja yuko huru kuoa katika rangi yake. Traynor alijibu kwamba haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja, si ya rangi, na kwamba mwanadamu huvuliwa heshima yake anapofanywa kama gari-moshi, ambalo msafiri akilikosa hupanda lingine. Mahakimu wawili waliungana naye. Watatu walipinga. Ilibaki kura moja, ya hakimu Douglas Edmonds.

Edmonds alikubali kwamba kibali kitolewe, lakini kwa sababu yake mwenyewe. Aliona kwamba ndoa ni zaidi ya mkataba wa kiserikali, kwamba ina shina lake katika imani ya watu, na kwamba sheria iliyowazuia hawa wawili iligusa uhuru wa dini. Hoja ileile ya Marshall, ambayo wakubwa wa jimbo kuu hawakutaka kuishuhudia, ndiyo iliyoleta kura ya nne. Tumeihesabu hesabu hiyo mara nyingi katika mikutano yetu: bila sakramenti, kura zilikuwa tatu kwa tatu, na wa saba hajaamua.

Andrea na Sylvester walifunga ndoa mwaka 1949, katika parokia yao ya Mtakatifu Patrick. Sasa walikuwa na kibali.

Haikuwahi kutokea katika karne ya 20 mahakama ya juu ya jimbo lolote la Marekani kuiangusha sheria ya namna hiyo. Mwezi wa Desemba mwaka uleule wa 1948, Umoja wa Mataifa ulitangaza Tamko la Haki za Binadamu, na kipengele chake cha 16 kinasema kwamba watu wazima wana haki ya kuoana bila kizuizi cha rangi, taifa wala dini. Basi ungedhani kwamba dunia imegeuka. Lakini mwaka 1949, mwaka wa arusi ile, Afrika ya Kusini ilipitisha sheria ya kukataza ndoa za weupe na wasio weupe, moja ya sheria za kwanza za ubaguzi wa apartheid, na haikuiondoa mpaka mwaka 1985.

Huko Marekani kazi ilichukua miaka 19 zaidi. Mwaka 1958 Richard Loving, mwashi mweupe, na Mildred Jeter, mwanamke wa asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa kwanza wa Marekani, walifunga ndoa katika mji wa Washington na kurudi kwao Virginia. Wiki chache baadaye polisi waliwaamsha usiku kitandani. Hakimu aliwahukumu kifungo cha mwaka mmoja, akakisimamisha kwa sharti kwamba waihame Virginia kwa miaka 25. Na baadaye aliandika kwamba Mungu aliziweka mbari katika mabara mbalimbali, kwa hiyo hakukusudia zichanganyike. Hivyo jina la Mungu lilitumika kufunga mlango ambao huko California lilikuwa limetumika kuufungua.

Kesi hiyo ilipofika mbele ya Mahakama Kuu ya Muungano, jambo jipya lilikuwa limetokea: maaskofu wakatoliki wa majimbo ya kusini, akiwamo askofu wa Richmond katika Virginia yenyewe, walipeleka maandishi ya kuwaunga mkono Richard na Mildred, wakitumia hoja ya uhuru wa dini. Kati ya ukimya wa 1947 na maandishi hayo ulikuwa umepita Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1965 Mtaguso ulikuwa umetoa tamko lake juu ya uhuru wa dini, na katika hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo ulikuwa umehesabu kati ya mambo ya kusikitisha hali ya mwanamke anayenyimwa uwezo wa kumchagua mume kwa hiari. Tarehe 12 Juni 1967 mahakimu wote tisa wa Mahakama Kuu walikubaliana, na sheria za majimbo 16 yaliyobaki zikaanguka siku moja. Maneno yenyewe yalibaki vitabuni muda mrefu. California ilikifuta kifungu cha 60 mwaka 1959 tu. Na jimbo la Alabama lilipowauliza wapiga kura wake mwaka 2000 kama marufuku iondolewe katika katiba, watu wapatao wanne katika kila kumi walipiga kura ibaki.

Na kwetu Kongo? Hapa hatukuwa na kifungu cha 60. Ukoloni wa Kibelgiji haukukihitaji: desturi ilitosha. Mzungu mmoja mmoja aliishi na mwanamke mweusi kwa miaka mingi, akimwita mtunza nyumba, na muda wa kazi ukiisha alirudi Ulaya bila kumwoa. Watoto waliozaliwa, ambao kwetu huitwa wametisi, walionekana na serikali kuwa hatari kwa utaratibu wa rangi, na wengi waliondolewa kwa mama zao na kupelekwa misioni. Mwaka 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi mbele ya bunge kwa jambo hilo. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Bruseli iliamua kwamba kutekwa kwa wasichana watano wa namna hiyo kulikuwa kosa dhidi ya ubinadamu, na kwamba Ubelgiji iwalipe fidia. Watano hao, ambao leo ni wazee, walikuwa wamepelekwa katika misioni katoliki ya Katende, huko Kasai. Twaliandika jina la misioni hiyo kwa uchungu. Sheria iliyoandikwa unaweza kuipeleka mbele ya mahakimu saba, kama Marshall alivyofanya. Desturi ile ilichukua zaidi ya miaka sabini kufikishwa mahakamani.

Leo Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kipengele cha 40, yampa kila mtu haki ya kuoana na mtu aliyemchagua, wa jinsia nyingine, na kuanzisha familia. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimruhusu msichana kuolewa tangu miaka 15. Sheria ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto na marekebisho ya mwaka 2016 yameweka miaka 18 kwa wote. Hicho ni kizuizi pia, nasi twakiunga mkono kwa nguvu zote, kwa sababu mtoto hana ukubali wa kutoa. Sheria hiyohiyo ya Familia yadai kwamba mahari iwe imetolewa, angalau kwa sehemu, kabla ndoa haijaandikishwa. Hatuna neno dhidi ya mahari. Ni heshima ya koo mbili. Lakini kila mmoja wetu ameona jinsi inavyoweza kutumiwa. Hakuna kifungu kinachomkataza Mushi kuolewa na Mrega, au Muluba na Mubemba. Wazee hawasemi hapana. Huongeza ng'ombe, huongeza dola, huongeza kanga na suti za wajomba, mpaka kijana wa kabila lisilotakiwa arudi mwenyewe mikono mitupu.

Trento haikukifuta kikao cha wazee, wala haikutaka kukifuta. Iliwatazama, lakini ikamweka paroko na mashahidi mbele ya wachumba ili ukubali wao usikike. Hata sasa, katika parokia zetu, kabla ya kutangazwa kwa ndoa, paroko huwaita wachumba kwa mahojiano na kumwuliza kila mmoja kama amekuja kwa hiari yake, bila kulazimishwa wala kutishwa na mtu. Huwauliza kila mmoja peke yake, mlango umefungwa, na wazee wa ukoo wakiwa wanangoja nje.